CHANJO YA EBOLA ILIJARIBIWA NAMNA GANI KULE GUINEA?



Tukisoma juu ya chanjo katika biolojia, ulizo moja linarudi kila mara: dawa mupya inajaribiwa kwa nani? Wengine wanaongeza kwa sauti ya chini: na juu ya nini wanakuja kuijaribia kwetu Waafrika? Tumeona vema kueleza jaribio moja linalojulikana vizuri, lile la chanjo ya Ebola katika inchi ya Guinea, Afrika ya Magaribi, mwaka wa 2015. Limetugusa hata sisi hapa Kongo, kama mutakavyoona.

Kwanza tuseme wazi: ulizo lile si la wajinga. Mwaka wa 1996 ugonjwa wa menenjiti ulikuwa mukali sana katika muji wa Kano, kaskazini ya Nigeria. Kampuni ya Pfizer ya Marekani ilifika pale kujaribu dawa yake mupya, Trovan. Watoto 200 waliingia: nusu walipewa Trovan, nusu dawa iliyozoelewa. Watoto 11 walikufa, 5 wa upande wa Trovan na 6 wa upande mwingine. Kwa hesabu tu hakuna tofauti kubwa. Lakini wazazi walisema hawakuelezwa kama watoto wao wanatiwa katika jaribio. Kampuni ilikana kosa. Mwaka wa 2009 ilipatana na serekali ya jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Na hapo katikati, mwaka wa 2003, Kano ilisimamisha chanjo ya polio, kwa sababu uvumi ulisema inaharibu uzazi wa wasichana, na watu waliokumbuka Trovan waliamini upesi. Polio ikatoka pale ikaingia tena katika inchi nyingi. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Trovan ndio waliopooza miguu.

Sasa twende Guinea. Katika Desemba 2013 mutoto mudogo wa kijiji cha Meliandou, karibu na Guéckédou, alikufa. Ugonjwa haukujulikana mpaka Machi 2014, wakati damu ya wagonjwa wengine ilipopimwa ikaonekana ni Ebola, tena ya namna ile ile iliyojulikana kwanza kwetu, Yambuku, mwaka wa 1976. Ikapita mipaka kuingia Liberia na Sierra Leone. Kufika mwisho, katika inchi hizo tatu wagonjwa walizidi 28,600 na waliokufa walizidi 11,300. Watu wa vijiji waliona wageni waliojifunika mwili mzima. Waliona ndugu yao anachukuliwa na harudi, hata maiti yake hawakuruhusiwa kuiosha. Wengine wakasema: hawa ndio wanaoleta ugonjwa. Katika Septemba 2014, kule Womey, upande wa Nzérékoré, watu 8 wa ujumbe uliokuja kufundisha juu ya Ebola waliuawa, waganga na waandishi wa habari kati yao.

Ndani ya hali hiyo ndipo walitaka kujaribu chanjo. Ilitengenezwa kwanza katika laboratwari ya serekali ya Kanada, muji wa Winnipeg. Walitwaa virusi vingine, vinavyogonjwesha ng'ombe na farasi, wakavitoa ngozi yao ya inje, wakavivika ngozi ya Ebola. Ni kama kumuvika mbuzi ngozi ya chui. Askari wa mwili wanaona ile ngozi, wanaishika katika kichwa, na siku chui mwenyewe akija wanamutambua mulangoni. Lakini meno ya chui hayamo. Ndiyo maana chanjo hii haiwezi kumupa mutu Ebola. Inaweza kuleta homa na maumivu ya viungo siku chache, hiyo ni kweli, na inafaa watu waambiwe mbele, maana Ebola nayo inaanza na homa. Tena, wa kwanza kudungwa hawakuwa watu wa Guinea. Walikuwa watu wazima wenye afya, waliokubali wenyewe, katika Marekani, Geneva, Hamburg, Kilifi (Kenya) na Lambaréné (Gabon), pale pale penye hospitali ya munganga Schweitzer.

Ikabaki kujua kama inakinga kweli. Kwa kujua hivyo lazima kulinganisha: hawa wamechanjwa, hawa bado. Lakini mwanzo wa 2015 Ebola ilikuwa inapungua, mugonjwa mumoja huku, mwingine kule. Kama wangechanja muji muzima, wengi hawangekutana na Ebola hata kidogo, na hesabu haingefundisha kitu. Wengine walifikiri kuwapa nusu ya watu sindano isiyo na kitu ndani. Katika Guinea njia hiyo ilikataliwa, na sisi tunaona walifanya vema. Nani angekwenda kwa mama aliyezika mutoto wake jana kumudunga maji?

Walichagua njia ya duara, na njia hiyo ilizaliwa Afrika ya Magaribi yenyewe. Mwisho wa mwaka wa 1966, Mumarekani William Foege, aliyekuwa munganga wa misioni ya Walutheri, alikuwa mashariki ya Nigeria katika kazi ya kuondoa ndui. Chanjo aliyokuwa nayo haikutosha kwa watu wote. Aliwauliza wamisionari kwa radio zao: ndui iko katika vijiji gani? Kisha akachanja vijiji vile tu na mahali ambapo ugonjwa ungeweza kwenda, kwa kufwata njia za soko na za ukoo. Ndui ikasimama, ingawa watu wengi wa jimbo hawakuwa wamechanjwa. Njia hiyo ikatumiwa hata India, na katika mwaka wa 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Kule Guinea ilikuwa hivi. Tangu Machi 2015, laboratwari ikisema huyu ana Ebola, wafanyakazi wanakwenda nyumbani kwake na kuandika majina: nani amelala naye, nani amemulisha, nani amefua nguo zake, nani amegusa maiti. Kisha wale walio karibu na hao, majirani na ndugu. Hao wote ni duara moja, mara nyingi watu kama 80. Halafu kura inapigwa. Duara moja linachanjwa mara moja. Lingine linangoja siku 21, halafu linachanjwa vile vile. Siku 21 ni muda ambao Ebola inaweza kujificha katika mwili mbele ya kuonekana. Kila mutu alielezwa, akaulizwa kama anakubali, na mwenye kukataa aliachwa. Wanawake wenye mimba na wenye kunyonyesha hawakuchanjwa, na mwanzoni watoto pia hawakuchanjwa.

Mutaona kwamba kazi yote inasimama juu ya majina. Mutu akificha kwamba alimutembelea mugonjwa usiku, jina lake haliingii katika duara, na sindano haimufikii. Ndiyo maana walizungumza kwanza na wazee wa kijiji mbele ya kufungua sanduku la chanjo. (Chanjo yenyewe inalindwa katika baridi ya digri 60 chini ya sifuri, ndani ya joto la Guinea! Hiyo peke yake ingetosha kuandikiwa ukurasa.)

Katika Julai 2015 walihesabu mara ya kwanza. Walianza kuhesabu siku ya 10, maana mwili unahitaji siku kadhaa kujifunza, na mwenye kuugua mbele ya hapo alikuwa ameambukizwa tayari. Katika maduara yaliyochanjwa mara moja, kati ya waliochanjwa hakuna aliyeugua. Katika maduara yaliyongoja waliugua 16. Wakaacha kura siku hizo hizo. Toka hapo kila duara lilichanjwa bila kungoja, na watoto wa miaka 6 na zaidi wakaingia. Mwisho wa jaribio waliochanjwa walikuwa 5,837, na toka siku ya 10 hakuna hata mumoja wao aliyeugua. Kati ya wasiochanjwa walikuwa 23.

Je, ni asilimia 100 basi? Hapana, tusikimbie. Katika mwaka wa 2017 wataalamu wa Marekani walisoma tena hesabu hizo wakasema: chanjo inaonekana kusaidia, lakini nguvu yake kamili haijapimwa vizuri, maana wagonjwa walikuwa wachache.

Kipimo kingine kilitoka kwetu. Katika Mei 2018 chanjo ile ile ilifika jimbo la Équateur, na tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 ilitumiwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kwa njia ya duara, na zaidi ya watu 300,000 walidungwa. Huko nako uvumi ulikuwako, na wafanyakazi wa afya waliuawa. Waganga walilinganisha waliopatikana na Ebola na waliopatikana bila Ebola, wakaangalia nani alikuwa amechanjwa. Jibu lilitangazwa mwaka wa 2024: kwa waliochanjwa siku 10 au zaidi mbele, kinga ilikuwa karibu asilimia 84. Maana yake, katika wagonjwa 100 ambao wangetokea bila chanjo, 84 hawatokei, na 16 wanatokea.