Mtoto Aliyewekewa Mpira Puani: Mzazi Uangalie Nini?

[MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 10, KISHA USHUKE]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia ule mpira mwembamba anaowekewa mtoto puani akilazwa. Wenzetu wa kutoka Kongo na Burundi wanauita sonde.

Wengi tukiuona tunasema, "Huyu haponi tena." Shangazi yangu alisema hivyo hivyo mjukuu wake alipolazwa kwa utapiamlo. Usiku akauchomoa, akamnywesha uji kwa kijiko. Mtoto akapaliwa, manesi wakahangaika naye mpaka asubuhi. Alipona, lakini hadi leo shangazi anasema, "Laiti ningeelezwa mapema." Basi tuelezane.

Kwa nini mpira? Mtoto mwenye utapiamlo mkali hana hamu ya kula, na pengine hata kumeza kunamshinda. Akilazimishwa, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mpira unapita puani na kooni hadi tumboni. Mtoto hupewa kikombe kwanza. Anachoshindwa kumaliza ndicho kinapitishwa kwenye mpira. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kwa nini maziwa ni kidogo? Siku za kwanza mtoto wa kilo 5 hupewa kama mililita 55 kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Huo si uchoyo. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umechoka, pamoja na moyo na figo. Ukijazwa chakula kwa ghafla, chumvi za kwenye damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana uji wa nyumbani, hata ukiuleta kwa upendo, unaweza kumdhuru siku hizo.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Nesi anakagua nini? Kabla ya kulisha, anavuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano na kuyapima kwa karatasi maalumu. Yakiwa na asidi, ni dalili kwamba mpira uko tumboni. Kisha anamimina maziwa, yanashuka yenyewe polepole, bila kusukumwa. Mwisho anapitisha maji kidogo ili mpira usizibe.

Lakini wewe uliyekaa kitandani na mtoto ndiwe unayeona wa kwanza. Mwite nesi mara moja ukiona haya:

Moja, alama iliyo kwenye mpira imesogea kutoka puani, au mpira umetoka. Usiurudishe mwenyewe.

Mbili, mtoto anakohoa, anapaliwa au midomo inabadilika rangi maziwa yakipita. Sema kwa sauti, "Simamisha!"

Tatu, anapumua haraka kuliko alivyokuwa anapumua.

Nne, tumbo limevimba na kukaza, au anatapika au kuharisha.

Tano, pua ina kidonda, au plasta imelegea.

Na kazi yako ni hii: mpakate kichwa kikiwa juu wakati wa kulishwa, na nusu saa baada ya hapo. Nawa mikono kwa sabuni. Msafishe mdomo, maana hata asipokula kwa mdomo, mdomo unachafuka. Mikono yake ikiushika mpira, mshike taratibu, mwimbie, mtulize.

Mpira utatolewa lini? Mtoto akiweza kunywa kwa mdomo angalau robo tatu ya maziwa yake ya siku, nesi huutoa. Kwa watoto wengi ni siku chache tu.

Kama hujaelewa lugha ya daktari, omba mtu wa kukutafsiria. Kuuliza si kumsumbua mtu. Na jirani ukienda kumwona mgonjwa, usimwambie mama yule kwamba mtoto wake anakufa. Mwambie ulichosikia leo.

Mimi naishia hapa. Tuonane kipindi kijacho. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGA]