Gluoni na fumbo la spini ya protoni

Protoni ni chembe iliyomo katika kiini cha kila atomu. Sifa yake iitwayo spini, inayoifanya iwe kama sumaku ndogo, hutumiwa kila siku na mashine za MRI hospitalini kupiga picha za ubongo na viungo vingine. Hata hivyo, chanzo cha spini hiyo kimewaumiza vichwa wanasayansi kwa zaidi ya miongo mitatu.

Awali jibu lilidhaniwa kuwa jepesi. Protoni ina kwaki 3, na iliaminika kuwa spini zake zikijumlishwa ndizo hufanya spini ya protoni. Dhana hiyo iliporomoka mwaka 1988, pale kundi la watafiti la EMC katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, lilipochapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa mchango wa kwaki ni mdogo mno. Vipimo vya baadaye viliuweka kwenye takriban asilimia 30.

Macho yakageukia gluoni, chembe zinazozifunga kwaki pamoja mithili ya gundi. Tatizo ni kwamba gluoni hazina chaji ya umeme, hivyo miale iliyotumika kuchunguza kwaki haikuweza kuzigusa moja kwa moja.

Njia ilipatikana katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York nchini Marekani. Humo, mtambo wa RHIC, wenye mzingo wa kilomita 3.8, uligonganisha protoni kwa protoni baada ya spini zake kupangwa. Watafiti walilinganisha idadi ya chembe zilizoruka pale spini za pande mbili zilipofuatana na pale zilipopingana. Lau spini za gluoni zisingeelemea upande wowote, idadi hizo zingekuwa sawa.

Hazikuwa sawa. Uchambuzi wa migongano ya mwaka 2009, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa spini za gluoni huelemea upande wa spini ya protoni, na huenda mchango wake ukalingana na ule wa kwaki.

Fumbo bado halijakwisha. Vipimo hivyo havikuzifikia gluoni zenye sehemu ndogo sana ya nguvu ya mwendo wa protoni, ambazo ndizo nyingi zaidi. Aidha, mwendo wa kwaki na gluoni wa kuzunguka ndani ya protoni nao una sehemu yake.

Kazi hiyo inasubiri mtambo mpya wa kugonganisha elektroni na protoni, ambao Januari 2020 serikali ya Marekani iliamua ujengwe Brookhaven. Humo gluoni zitapimwa kwa kuangalia jinsi picha ya kwaki inavyobadilika kadiri nguvu ya migongano inavyobadilishwa.