Utelezi: Utangulizi kwa Mwenye Gari la Kuvuta Mbele

Dirma, huku Hanang, haina theluji. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya meta 3,400, lakini mtu wa Manyara anayetaka kuona theluji kwa macho yake itambidi asafiri hadi Kilimanjaro. Hata hivyo, dereva anayeweza kulitoa gari la Noah mnadani mwezi wa Machi, mvua imenyesha usiku kucha, akalifikisha kwenye lami bila kusukumwa, ana sehemu kubwa ya ujuzi wa dereva wa Oslo mwezi wa Januari. Wote wawili wanaendesha juu ya kitu kinachokataa kushikwa. Elimu inayochunguza jambo hilo ipo, ina vitabu na maabara zake, na haimdai anayeingia shahada ya uhandisi. Karibu.

Nimewaandikia hasa wenye magari madogo yanayovutwa na matairi ya mbele: IST, Vitz, Spacio, Noah nyingi, na yale yenye haraka zaidi kama RunX. Wenye fowili, yaani magari yanayoendeshwa na matairi yote manne, wana vitabu vyao na majigambo yao. Huku Hanang na Mbulu magari mengi yanayobeba watu na magunia siku za mvua si fowili, na ajabu ni kwamba yanafika.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na mhandisi wa Kifaransa, Charles-Augustin de Coulomb. Mwaka 1773 alieleza jinsi udongo unavyokatika chini ya mzigo, na katika miaka ya 1780 akaandika juu ya msuguano wa vitu vinavyosuguana. Alikuwa akifikiria kuta za ngome na mashine za bandarini, gari halikuwapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mpolandi aliyehamia Kanada na baadaye Marekani, Mieczysław Bekker, aliyachukua mawazo hayo akayageuza kuwa somo la vyombo vinavyotembea nje ya barabara: kwenye theluji, matope, mchanga na vinamasi. Kitabu chake kikubwa cha kwanza kilitoka mwaka 1956. Baadaye alishiriki katika kazi ya gari lililoendeshwa mwezini kuanzia mwaka 1971, mahali ambapo hapakuwa na wa kusukuma.

Wazo lenyewe ni fupi. Ardhi hulipa tairi nguvu ya kusonga kutoka mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni kunata kwa ardhi yenyewe, nao hukua kadiri tairi linavyogusa eneo kubwa. Mfuko wa pili ni msuguano, nao hukua kadiri uzito unavyokandamiza. Changarawe na mchanga mkavu hulipa karibu zote kutoka mfuko wa uzito. Mfinyanzi mweusi wa mbuga uliokwisha kushiba maji ni kinyume chake: unalipa kutoka mfuko wa kunata, tena kidogo, na ukiuongezea uzito haukupi kitu ila unakumeza. Theluji ina mifuko yote miwili, na hubadilika kila joto linapopanda au kushuka. Mtu akikwambia kwamba dawa ya utelezi ni kuongeza mzigo, au kwamba ni kupunguza mzigo, muulize kwanza ni utelezi upi.

Wahandisi huupima utelezi kwa namba moja, yaani uwiano wa nguvu ambayo njia inaweza kuishikilia na uzito ulioko juu yake. Lami kavu hufika 0.8 hivi. Theluji iliyoshindiliwa na magari hukaa kati ya 0.2 na 0.3, na mfinyanzi ulioloa juu hauko mbali na hapo. Barafu huweza kushuka hadi 0.1. Tafsiri yake kwa breki ni hii: gari lenye mwendo wa kilometa 40 kwa saa husimama ndani ya meta 8 kwenye lami kavu, huhitaji meta 25 pale penye 0.25, na kwenye barafu huzidi meta 60. Hapo bado hujahesabu muda wa mguu kuhama kutoka mafuta kwenda breki. Meta 25 zinatosha kuwapita mbuzi, mchungaji wao, na kona waliyokuwa wakiielekea.

Sasa, kwa nini matairi ya mbele? Injini na gia viko juu yake. Gari dogo lisilo na abiria huweka takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele, hivyo matairi yanayovuta ndiyo yaliyokandamizwa zaidi. Tena huvuta kuelekea pale usukani unapoelekeza, hayasukumi kutoka nyuma. Ndiyo maana Waswidi, ambao baridi yao haina utani, walilipenda gari la Saab, lililovutwa na matairi ya mbele tangu mwanzo.

Saab hilo lilifika kwetu. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ambayo leo tunayaita Safari Rally, yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Vilima vya Mbulu vilikuwa miongoni mwa vipande vilivyoogopwa upande wetu. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, na mwaka 1968 vilevile yalimaliza 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda kwa Peugeot ya aina hiyo hiyo. Nayataja haya ili nisionekane kama nauza magari ya kuvuta mbele. Ushahidi wa kihistoria haujalala upande mmoja.

Lakini mwaka 1962 Mwingereza Pat Moss alishika nafasi ya tatu katika Saab, na mwaka 1964 Mswidi Erik Carlsson, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mumewe, akawa wa pili akiwa na msaidizi wake Gunnar Palm. Saab 96 yao ilikuwa na injini ya silinda tatu isiyofika hata lita moja, yenye sauti kama ya msumeno wa mbao. Carlsson alikuwa amekwisha kushinda Monte Carlo mara mbili, mwaka 1962 na 1963, kwenye barafu na theluji za Ulaya. Katika Safari ile alikwama kwenye tope. Badala ya kungoja msaada, aliliviringisha gari likapinduka upande hadi likatoka shimoni, wakalisimamisha, wakaendelea. Waandishi wa habari hawakuamini, naye akalipindua tena mbele yao ili waone. Kwao Uswidi alikuwa tayari na jina la utani la mtu wa juu ya paa, kwa sababu ya mazoea yake ya kulaza magari. Sikushauri ujaribu kwa gari la mkopo.

Kuna mbinu nyingine ya Carlsson yenye faida zaidi kwetu, nayo ni kutumia mguu wa kushoto kwenye breki wakati wa kulia ungali kwenye mafuta. Ili kuielewa inabidi tuangalie udhaifu wa gari la kuvuta mbele.

Tairi lina akiba moja ya kushika, nayo hugawanywa. Ukiitumia yote kuvuta, hakuna inayobaki ya kukata kona. Kwenye gari la kuvuta mbele matairi mawili yale yale huvuta, huelekeza, na hufanya kazi kubwa ya breki. Basi kwenye utelezi ukikanyaga mafuta ndani ya kona, gari hukataa kukunja, likaenda moja kwa moja mtaroni, hata uzungushe usukani mpaka mwisho. Wengi hapo huongeza usukani, na hilo huzidisha ubaya. Kinachotakiwa ni kupunguza mafuta polepole na kurudisha usukani kidogo mpaka tairi lishike tena. Nimesema polepole kwa makusudi. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito huhamia mbele, nyuma hupungukiwa, na mkia hujitupa nje. Carlsson aliutumia mkia huo kwa hiari yake: mguu wa kushoto ulilegeza nyuma, wa kulia uliendelea kuvuta mbele, gari likakunja pasipo kupoteza mwendo. Kwa dereva wa kawaida inatosha kujua kwamba chombo chake kinaweza kumponyoka kwa njia mbili zilizo kinyume, na zote mbili huanzia kwenye mguu wa kulia.

Gari lenye haraka huongeza tatizo. RunX ya Z, iliyotoka Japani kuanzia mwaka 2001, ina injini ya lita 1.8 yenye nguvu farasi 190, lakini nguvu hizo hukaa juu kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na injini hubadilika tabia ghafla ikivuka kama 6,000. Kwenye lami ya Babati hadi Katesh ni raha tupu. Kwenye mfinyanzi, gia ya kwanza ya gari hilo inaweza kutoa nguvu mara kadhaa ya ile ambayo njia inaweza kuipokea, na zinazozidi huishia kuchimba shimo. Ondoka kwa gia ya pili, achia klachi taratibu, usiiruhusu injini ipige kelele. Tena gia za magari haya hupeleka nguvu kwa tairi lililo jepesi kuzunguka: moja likiteleza, jingine hukaa bure. Kugusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto hulizuia lile linalozunguka na kulipa nguvu mwenzake. Handbreki haisaidii, kwa kuwa hukamata matairi ya nyuma.

Mlima nao una hesabu yake. Ukipanda, uzito hurudi nyuma na kuyaacha matairi yanayovuta. Kwa gari la asilimia 60 mbele kwenye njia yenye 0.25, kikomo ni kama kupanda meta 14 kwa kila meta 100, kabla ya kutoa kinachoibwa na tope lenyewe. Ukipanda kinyumenyume, uzito hurudi kwenye matairi hayo hayo na kikomo hufika kama meta 16. Wengine huwacheka wanaopanda kwa rivasi. Fizikia iko upande wa wanaochekwa. Kwa sababu hiyo hiyo, Noah iliyojazwa magunia nyuma ya kiti cha mwisho huharibika tabia: mzigo mzito usogezwe mbele, na abiria wa nyuma washuke kabla gari halijakwama, maana likishakwama watashuka kwenye tope.

Hapa ndipo elimu ya theluji na ya mbuga zinapoachana, na ningependa msomaji apazingatie kuliko sehemu nyingine yoyote. Swali la kwanza ni kama pana chini. Theluji changa juu ya lami ina chini, na tope jembamba juu ya changarawe lina chini. Hapo tairi jembamba, lenye kashata nzuri na uzito wa kutosha, hupasua na kukanyaga pagumu, na Waswidi hupenda matairi membamba kwa ajili hiyo. Lakini mfinyanzi mweusi wa tambarare za Basotu, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, ukishiba maji hauna chini ya karibu. Hapo unataka tairi liguse eneo pana na gari liwe jepesi: punguza upepo kiasi, shusha mzigo, usisimame, na usikanyage alama za lori lililotangulia kama tumbo la gari lako litagusa katikati. Ukishapita, jaza upepo tena, kwa sababu tairi legevu kwenye lami hupata joto na kupasuka.

Juu ya matairi ningeweza kuandika kitabu kizima, ila nina jambo moja la haraka. Baadhi ya magari tunayonunua kutoka Japani huja na matairi ya baridi. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria dhidi ya matairi yenye misumari kwa sababu ya vumbi lililokwanguliwa barabarani, na viwanda vikaendeleza tairi la mpira laini lenye mikato midogo mingi. Ubavuni utaona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. Mpira huo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi. Mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu chini ya nyuzi 7. Lakini kwenye lami yetu ya mchana tairi hilo la baridi huisha upesi na breki zake hulegea. Ndugu zetu walioko Quebec hulazimishwa na sheria kuvaa matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Sisi hatuna sababu ya kuyavaa hata siku moja, na kuyapenda kwa kuwa yanaonekana mapya ni hasara.

Mipaka ya elimu hii nayo isemwe mapema. Haihusu korongo linalotiririka; maji ya magotini yanaweza kulibeba gari dogo. Wala haihusu siku kama ile ya tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang uliposhusha tope, mawe na miti juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Kwa mambo hayo hakuna mbinu ya usukani.

Kwa yaliyobaki, anza na uwanja mtupu baada ya mvua, mwendo wa mtu anayetembea, na usikie tairi linavyoachia kabla hujalihitaji kwenye kona za Dareda au Mlima Magara. Hukumu yangu kwa barabara za Dirma ni kwamba gari la kuvuta mbele lenye matairi mazuri linatosha siku nyingi za mwaka. Siku ambazo halitoshi, liache nyumbani, usubiri jua.