Ushahidi wa Jaani

Wataalamu wa mambo ya kale, popote walipochimba, aghalabu wameliamini jaa kuliko kasri, kwani kasri hujengwa ili litazamwe, ilhali jaa hujazwa na watu wasiodhani abadan kwamba iko siku mgeni atakuja kulifukua. Na hata pwani yetu, Kilwa Kisiwani na Gede, ni vigae vya sahani za Kichina, shanga na mifupa iliyotupwa vilivyotujulisha maakuli na biashara za wahenga.

Mwaka 1973 William Rathje, mwalimu wa elimu ya mambo ya kale katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, Marekani, aliona kwamba hapana haja ya kungoja karne zipite ndipo taka zisomwe. Wanafunzi wake, wakiwa wamevaa glavu na makoti, waliimwaga mezani mifuko ya taka za majumbani, wakachambua kitu kimoja kimoja, mfupa upande huu, kopo upande ule, maganda ya mayai mbali na mkate ulioumwa mara moja ukaachwa, kisha wakapima na kuandika aina ya kila kitu, uzito wake na mtaa kilikotoka, lakini jina la mwenye nyumba kamwe. Nami naliona sharti hilo kuwa ndilo lililoitofautisha kazi yao na upelelezi.

Waliyoyakuta yalipingana na kauli za watu. Walioulizwa kuhusu bia walikiri kidogo, na makopo yakasema mengi. Wala si lazima tuwaite waongo, maana mtu husahau kwa wepesi lile asilopenda kulikumbuka. La ajabu zaidi ni habari ya nyama ya ng'ombe, iliyoadimika mwaka ule ule wa 1973, kwani badala ya israfu kupungua ilizidi, kwa sababu watu, kwa hofu ya kukosa, walinunua nyingi kupita kiasi, pamoja na vipande wasivyovizoea kuvipika wala kuvihifadhi, vikawaharibikia.

Tangu mwaka 1987 walikwenda mbali zaidi, wakayatoboa madampo yenyewe kwa mitambo. Watu walidhani kwamba kilichozikwa huko huoza upesi, kumbe magazeti ya miaka mingi nyuma yalitoka yakisomeka, na soseji zikitambulikana. Kwani taka zilizoshindiliwa na kufunikwa udongo, pasipo hewa wala maji ya kutosha, huwanyima vijidudu uwezo wa kuzimeng'enya. Fauka ya hayo, nepi za kutupwa, zilizokuwa zikilaumiwa kila barazani, zilichukua nafasi ndogo mno, na kilichojaza mashimo kuliko vyote kilikuwa karatasi.

Waalimu wa shule zetu wanaweza kuijaribu kazi hii bila maabara. Mizani ya dukani, glavu, turubai, na taka za siku chache kutoka nyumba zilizoridhia zatosha, mradi vigae vya chupa, betri na sindano viondolewe kwanza na mtu mzima. Watoto na waandike kwanza wanachokisia, ndipo wapime. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki watakuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito ni maganda ya ndizi, mihogo na makombo ya jikoni, vitu ambavyo vingefaa kuwa mbolea au lishe ya mbuzi kabla havijachanganywa na plastiki ndani ya mfuko mmoja.