Je, Wajua? Nyumba Inayopashwa Joto kwa Umeme Pekee

Je, wajua kwamba hakuna hita ya kuchomeka kwenye soketi inayoishinda mwenzake kwa kugeuza umeme kuwa joto? Iwe ya mafuta, ya feni au ya paneli, ya pauni 20 au ya pauni 200, uniti moja ya umeme ikiingia, uniti moja ya joto hutoka. James Prescott Joule wa Salford, Uingereza, alionyesha mwaka 1841 jinsi mkondo wa umeme unavyozaa joto unapopita kwenye waya, na kanuni yake haibadiliki kwa sababu ya tangazo la dukani. Muuzaji anayedai hita yake inatoa joto lilelile kwa umeme kidogo zaidi anamdanganya mtu mwenye baridi.

Gharama unaweza kuipiga mwenyewe. Soma wati zilizoandikwa kwenye hita, gawa kwa 1,000, zidisha kwa saa, kisha kwa bei ya uniti. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 6 mfululizo hula uniti 12. Uingereza, kati ya Oktoba na Desemba 2024, kikomo cha bei cha mdhibiti Ofgem kilikuwa wastani wa pensi 24.5 kwa uniti. Hiyo ni pauni 2 na pensi 94 kwa siku, yaani zaidi ya pauni 88 kwa mwezi, na hapo umepasha chumba kimoja tu.

Wajua gesi ilikuwa bei gani miezi hiyohiyo? Pensi 6.24 kwa uniti, karibu robo ya bei ya umeme! Sababu zipo. Bei ya umeme sokoni hufuata mtambo wa gharama kubwa zaidi unaohitajika saa hiyo, na huko mara nyingi mtambo huo ni wa gesi, nao hupoteza karibu nusu ya nishati kabla umeme haujafika kwenye waya. Juu yake, tozo nyingi za sera za serikali zimewekwa kwenye bili ya umeme kuliko ya gesi.

Katika sensa ya 2021, karibu nyumba 1 kati ya 12 za Uingereza na Wales zilipashwa joto kwa umeme peke yake. Nyingi ni flati, na ndugu zetu wanaohamia huko kusoma au kufanya kazi hukutana nazo. Aliyechagua hita ni mwenye nyumba. Anayelipa bili ni mpangaji. Hilo linaniuma kuliko takwimu zote zilizomo humu.

Je, wajua kwamba hata usipowasha taa, mita inadai? Tozo ya kila siku Uingereza ilikuwa karibu pensi 61 katika miezi ileile ya mwisho wa 2024, sawa na zaidi ya pauni 220 kama ingeendelea mwaka mzima. Mwenye mita ya kulipia kabla, mfano wa LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya, akisafiri wiki mbili hurudi na kukuta deni, na hela anayoweka hukatwa kwanza kulilipa. Tanzania iliwaondolea wateja wa kawaida tozo ya huduma ya kila mwezi mwaka 2016.

Na je, wajua kuhusu matofali yanayokula umeme usiku? Mwaka 1978 Uingereza ilianzisha bei ya Economy 7: saa 7 za usiku kwa bei nafuu, saa nyingine kwa bei ya juu kuliko ya kawaida. Hita zake ni makabati mazito yaliyojaa matofali. Usiku yanapashwa moto mkali, mchana yanaachia joto polepole. Kwa mtu anayeshinda nyumbani mpango huo unaweza kumfaa. Anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hukuta matofali yamekwisha kupoa; anachomeka hita ndogo, na umeme wa hiyo anaulipia kwa bei ya mchana. Amelipia joto la usiku lililotumiwa na nyumba tupu, sasa analipia tena. Mgeni akipanga flati ya namna hii, swali la kwanza liwe: saa za nafuu ni zipi? Swichi ya kujaza na swichi ya kutoa joto ni mbili tofauti, na wengi hukaa miezi bila kuelezwa.

Mita nyingi za mpango huo zilikuwa zikibadilishiwa bei kwa ishara iliyofichwa ndani ya matangazo ya redio ya BBC, masafa marefu ya kilohezi 198. Uzimaji wake ulianza tarehe 30 Juni 2025.

Wajua umeme unaweza kuleta joto mara tatu ya uniti zilizolipiwa? Pampu ya joto haizalishi joto, inalihamisha: hulichota kwenye hewa baridi ya nje na kulisukuma ndani, kwa utaratibu uleule wa friji. Ukumbi wa jiji la Zurich, Uswisi, ulifungiwa pampu inayochota joto la mto Limmat mwaka 1938. Kwa bei zile za 2024, uniti ya joto kwa hita ni pensi 24.5; kwa pampu nzuri ni kama pensi 8; kwa boila ya gesi ni kama 7.

Ufaransa, nyumba nyingi zilifungiwa hita za umeme baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973. Leo baridi ikiongezeka kwa nyuzi moja tu, nchi hiyo inahitaji takribani megawati 2,400 zaidi. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, Tanzania, lote ni megawati 2,115.

Quebec nako, Kanada, nyumba nyingi hutegemea umeme, lakini wa maporomoko ya maji. Mwaka 2024 kila moja ya uniti 40 za kwanza za siku haikufika senti 7 za Kanada. Hatari yake ilionekana Januari 1998, barafu ilipoangusha nguzo na nyaya: umeme ulipokatika, joto lilikatika pia, na watu wakahamia kwenye makazi ya dharura.

Tukirudi kwenye hita ya nyumbani, kuweka themostati, yaani kidhibiti joto, nyuzi 30 hakuharakishi joto. Nje kukiwa nyuzi 5 na ndani 20, kushusha nyuzi moja kunapunguza upotevu wa joto kwa karibu asilimia 7. Mtu aliyekaa hutoa kama wati 100, kwa hiyo wageni kumi ni hita ya wati 1,000. Kwa bei zile za 2024, blanketi la umeme la wati 100 kwa saa 8 halikufika pensi 20. Lakini lisiwe kisingizio cha kulaza mtoto au mzee katika chumba cha barafu: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 nyuzi 18 ndani ya nyumba msimu wa baridi.

Je, wajua kwamba Uingereza na Wales kila nyumba ya kupanga, isipokuwa zilizosamehewa, hutakiwa kuwa na cheti cha matumizi ya nishati, daraja A hadi G, na kwa kawaida isishuke chini ya E? Cheti hutazamwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika anwani, nacho hutaja aina ya hita, hali ya kuta na makadirio ya gharama za mwaka. Mtumie ndugu yako habari hii kabla hajatia saini mkataba wa pango.