Profesa wa Wote na saini za wanakijiji

Mwanakandarasi anapoleta saruji, nondo na mabati ya kujenga zahanati katika kijiji cha kaunti ya Makueni, Kenya, hapokewi na afisa wa kaunti peke yake. Hukuta pia kamati ya wanakijiji waliochaguliwa na wenzao barazani, mkononi wana nakala ya orodha ya vifaa na bei zake. Mifuko inahesabiwa mmoja mmoja. Nondo ikionekana nyembamba kuliko ile iliyoandikwa, inarudishwa. Na kazi ikimalizika, kamati isipotia saini, malipo hayatoki.

Saini hiyo ndiyo iliyompa Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni kuanzia 2013 hadi 2022, sifa zilizovuka mipaka ya Ukambani. Katika muhula wake wa pili, Wakenya wa kaunti nyingine walisambaziana picha za hospitali ya mama na mtoto ya mjini Wote, makao makuu ya Makueni, wakiuliza kwa nini majengo ya kwao yanagharimu mamilioni zaidi na hayaishi. Kuna waliotamani waazimwe gavana huyo hata kwa muhula mmoja. Kisha Agosti 2022 akawaomba watu wa Makueni wampeleke Seneti. Wakakataa. Kiti kikamwendea Daniel Maanzo wa chama cha Wiper.

Tangu hapo swali halijaisha. Yale mafanikio yalikuwa ya mtu au ya utaratibu? Na kama watu waliipenda kazi yake, mbona walimnyima kura? Jibu halipatikani kwa kutazama miaka yake mizuri tu, kwa sababu mwanzo wake ulikuwa mchungu kuliko wengi wanavyokumbuka.

Kibwana alifika Wote na jina la mwanaharakati. Alikuwa ameongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka ya 1990 alikuwa mstari wa mbele kudai katiba mpya, wakati mikutano ya wapenda mageuzi ikitawanywa kwa virungu na vitoa machozi. Aliingia bungeni 2002, akawa waziri katika serikali ya Mwai Kibaki, akaangushwa 2007. Alipogombea ugavana 2013 kwa tiketi ya chama kidogo cha Muungano, alishinda, lakini bunge la kaunti likawa mikononi mwa Wiper. Gavana na bunge lake wakaanza safari wakiwa wameshatazamana kwa shaka.

Bajeti ndiyo iliyowasha moto. Nani apange fedha za maendeleo, na kiasi gani kiende kwa matumizi ya wawakilishi wadi wenyewe? Hakuna upande uliotaka kulegeza kamba. Septemba 23, 2014, mvutano huo ulifika kwenye uwanja wa bunge la kaunti mjini Wote, risasi zikafyatuliwa na watu kadhaa wakajeruhiwa. Wakazi wakakusanya saini kuomba serikali yao ivunjwe, haki ambayo Katiba ya 2010 imeiwekea njia katika kifungu cha 192. Gavana mwenyewe aliliunga mkono ombi hilo, ingawa lingemng'oa yeye pamoja na wapinzani wake. Rais Uhuru Kenyatta aliunda tume chini ya wakili Mohammed Nyaoga, nayo ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 rais alikataa. Wakaachiwa wapatane.

Wanaomkosoa Kibwana huanzia hapo. Husema profesa alizoea darasa, ambako mwalimu akishathibitisha hoja yake mjadala umekwisha, na hakuwa na subira ya kukaa na mwanasiasa mwenzake hadi usiku wakigawana kidogo kidogo. Kuna ukweli ndani ya lawama hiyo. Miaka miwili ya kwanza ya ugatuzi ilipotelea kwenye ugomvi, na mwananchi aliyesubiri dawa hakujali nani alikuwa sahihi.

Ila ugomvi huo haukumzuia kujenga ngazi ya mikutano ya kupanga miradi ambayo mwakilishi wadi hakuweza kuifunga. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kijiji. Kutoka hapo hoja zilipanda hadi kundi la vijiji, nusu ya wadi, wadi, kaunti ndogo, na mwisho mkutano wa kaunti nzima. Vijiji ni zaidi ya 3,000. Wadi ni 30. Ni kazi inayochosha. Mama anayetaka kisima hushindana barazani na jirani anayetaka barabara, na mmoja wao hurudi nyumbani bila alichokitaka. Lakini hurudi akijua kwa nini, na ameona kura zikihesabiwa kwa mikono iliyoinuliwa. Wajumbe wa kaunti nyingine wamefunga safari hadi Wote kuutazama mpango huo.

Jirani wa Kibwana, gavana wa Machakos Dkt Alfred Mutua, alishika njia nyingine. Mutua alikuwa msemaji wa serikali kabla ya kuwa gavana, na alijua thamani ya kuonekana: bustani ya burudani ya People's Park, msafara wa ambulensi mpya, barabara iliyotiwa lami kwa kasi huku kamera zikitazama. Si haki kuyadharau hayo. Mgonjwa aliyebebwa na ambulensi alibebwa kweli. Tofauti ni kwamba Machakos mwananchi aliitwa kuja kutazama, na Makueni aliitwa kuja kuhesabu.

Mchanga unaieleza vizuri zaidi tofauti hiyo. Makueni ni kavu, na mito yake mingi hutiririka wiki chache tu kwa mwaka. Kiangazi kikikolea, kina mama huchimba shimo katikati ya mto uliokauka. Maji hujaa taratibu kutoka pembeni, kwanza ya kijivu, halafu meupe, yanachotwa kwa kikombe hadi jerikeni ijae, kisha yanapandishwa mgongoni mwa punda. Mchanga ndio tangi. Kwa miaka mingi malori yaliusomba kwenda kujenga nyumba za Nairobi, mto ukabaki mwamba mtupu na vijana wachache wakabaki na pesa ya siku. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuzuia kuuzwa nje ya Makueni. Haikuwa sheria ya kumpatia mtu makofi, kwa kuwa ilikata riziki ya wapakiaji na kuwakasirisha wenye malori. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio uamuzi wa Kibwana ulio mkubwa kuliko hospitali yoyote.

Kwenye afya alianzisha MakueniCare mwaka 2016: familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na wazee waliozidi miaka 65 hawakulipa. Kwa familia iliyokuwa ikiuza mbuzi ili imtoe mgonjwa wodini, lilikuwa jambo kubwa. Lakini mpango uliegemea mfuko wa kaunti, na mgao wa serikali kuu kutoka Nairobi ulipochelewa, rafu za dawa zilibaki wazi. Kadi peke yake haishushi homa.

Kiwanda cha maembe cha Kalamba, kilichofunguliwa 2017 kusaga maembe kuwa rojo, kina hadithi yenye pande mbili vilevile. Wakulima waliokuwa wakipangiwa bei na mabroka chini ya miti yao walipata mnunuzi mwingine. Hata hivyo msimu wa maembe ni wa miezi michache, na mashine zikinyamaza gharama hazinyamazi.

Tukirudi 2022: siasa za Ukambani bado zilikuwa na mkondo mmoja wenye nguvu, Kalonzo Musyoka na Wiper yake. Kibwana aliingia humo 2017, akashinda muhula wa pili kwa tiketi ya chama hicho, hata akawa mwenyekiti wake, kisha akakosana na Kalonzo. Aliporudi kuomba kura nje ya mkondo huo, yalimkuta. Wapo wanaowaita wapiga kura wa Makueni watovu wa shukrani. Wanawaonea. Gavana alikuwa amewafundisha kwa miaka tisa kwamba fedha za kaunti ni zao na kisima si zawadi yake; wakamwamini. Hawakuona deni la kulipa kwenye karatasi ya kura.

Mutula Kilonzo Junior wa Wiper aliapishwa gavana Agosti hiyo hiyo, na kamati za miradi akazikuta vijijini. Mzee aliyemnyima Kibwana kura Agosti ile huenda ndiye yule aliyewahi kusimama mbele ya ukuta wenye nyufa, kalamu mkononi, akamwambia mwanakandarasi abomoe aanze upya.