Wao Walisema, "Tunapenda Tu"



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, Jumamosi mchana, niliwakuta vijana watatu nyuma ya ukumbi wa parokia. Simu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mpini wa fagio. Mmoja alivaa koti kubwa, bila shaka la babu yake. Mwingine alishika shuka jeupe ili mwanga wa jua umpige mwenzake usoni. Walikuwa wanatengeneza filamu.

Niliwauliza swali ambalo wazazi wengi huuliza: "Hii itawapa nini?" Mkubwa wao akajibu kwa heshima, "Padre, bado haitupi kitu. Tunapenda tu." Nikawaambia wakapende mahali pengine. Waliokota fagio lao wakaondoka.

Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Katika Kilatini tulichofundishwa seminarini, mtu apendaye huitwa *amator*. Kutokana na neno hilo mataifa ya Ulaya yalipata jina la mtu anayefanya sanaa au mchezo bila kulipwa. Sisi tunasema anafanya kwa ridhaa, yaani moyo wake umekubali. Kumbe kijana yule alinijibu vizuri kuliko nilivyouliza.

Naomba nikusimulie habari za marafiki wawili waliosema kama yeye. David Lynch na Jack Fisk walifahamiana shule ya sekondari mjini Alexandria, jimbo la Virginia, Marekani. Wote wawili walitaka kuwa wachoraji. Mwaka 1965 walisafiri kwenda Ulaya wakikusudia kukaa huko miaka mitatu wakijifunza. Walirudi nyumbani baada ya siku 15! Kisha wakasoma chuo cha sanaa Philadelphia, wakaishi pamoja katika mtaa wa watu maskini, jirani na mochwari.

Lynch alisimulia kwamba siku moja alikuwa akichora bustani ya usiku, akasikia kama upepo, akaona majani ya kwenye picha yanatikisika. Tangu hapo akatamani picha zinazotembea. Filamu yake ya kwanza, mwaka 1967, ilikuwa ya dakika moja tu, ikirudiwarudiwa, na iligharimu dola 200. Ilioneshwa juu ya skrini yenye vichwa vya kufinyanga, na Fisk ndiye aliyemsaidia kutengeneza umbo la kichwa chake kwa plasta.

Mwaka 1972, Lynch akiwa sasa chuo cha filamu Los Angeles, akaanza filamu ndefu iitwayo *Eraserhead*. Alipewa dola 10,000. Fedha zikaisha, kazi ikasimama. Akawa anasambaza magazeti ili apate riziki. Catherine Coulson, aliyekuwa akimsaidia katika kila kazi, alihudumu mgahawani na kuleta bakshishi zake ili kazi iendelee. Mumewe wa wakati huo, Jack Nance, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu, na mtindo wa ajabu wa nywele zake ilibidi udumu miaka hiyo yote. Fisk na mkewe, Sissy Spacek, nao walichangia fedha. Kuna sehemu ambapo mhusika anafungua mlango. Picha ya upande wa pili wa mlango ule ilipigwa mwaka mmoja na nusu baadaye. Filamu ikaoneshwa mwaka 1977.

Sikuandikii habari za watakatifu, na filamu ile ni ya giza na ya kutisha, usiwawekee watoto. Ninachokuomba utazame ni urafiki wao. Aliyepata jina kubwa ni mmoja. Wengine walishika kamera, wakaleta bakshishi, wakasubiri. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Wakumbuke wale wanne katika Injili ya Marko waliombeba mwenzao aliyepooza. Walitoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Majina yao hatuyajui. Lakini Mwinjili ametuambia kwamba Yesu aliiona imani yao, ya wale wabebaji. Kijana unayesoma hapa, kama Mungu amekupa kipaji, waombee wanaoshika shuka jeupe. Na kama wewe ndiye unayeshika shuka, usidhani hukuonekana.

Urafiki wa Lynch na Fisk ulidumu. Mwaka 1999, zaidi ya miaka thelathini tangu Philadelphia, walifanya pamoja filamu *The Straight Story*, Lynch akiwa mwongozaji na Fisk mbunifu wa mandhari. Hii unaweza kuitazama na familia yote. Inasimulia habari ya kweli ya Alvin Straight, mzee wa miaka 73 wa jimbo la Iowa. Mwaka 1994 alisikia kwamba ndugu yake amepatwa na kiharusi. Macho yake yalikuwa mabovu, leseni ya gari hana. Akapanda mashine yake ya kukatia nyasi, akafunga tela nyuma, akaenda polepole karibu kilomita 400 hadi Wisconsin. Katika filamu, ndugu hao walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi. Mwishoni wanakaa barazani. Maneno ni machache. Wanatazama nyota.

Nilipoitazama nilikumbuka fundisho la Bwana kuhusu sadaka: ukiwa tayari madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza mkapatane. Nimelihubiri mara nyingi. Mimi husimama madhabahuni kila siku. Na wale vijana watatu? Wawili bado nawaona kanisani. Yule mkubwa simwoni. Labda amehama, labda ana sababu zake. Lakini inawezekana pia kwamba siku ile alielewa nyumba ya Mungu haina nafasi ya kitu anachokipenda, na aliyemwambia hivyo ni padre wake.

Kwa hiyo wiki hii ninao mguu wa kwenda kwao. Sina haja ya kupanda mashine ya nyasi. Ni mwendo wa robo saa tu, nami nimechelewa miaka. Nitampa pole, na nitamwambia kwamba ufunguo wa ukumbi upo.

Nawe, mzazi, leo baada ya Misa, kaa na kijana wako. Usimwulize itampa nini. Mwambie, "Hebu nioneshe mlichotengeneza." Kisha tazama mpaka mwisho.

Dominika njema.